Trela Gani kwa Pikapu Gani: Ulinganisho kwa Familia Zinazosafiri Uganda

Muuzaji wa pikapu mjini Kampala anaposema kwamba gari lake linavuta kilo 3,500, kwa kawaida hasemi uongo, lakini namba hiyo haimsaidii sana mzazi anayetaka kununua trela la kulala safarini. Gari linaloruhusiwa kuvuta kilo 3,500 likiwa na dereva na mkoba wake si lazima livute kilo hizo likiwa limebeba watu watano, kanopi, betri ya pili, friji, jerikeni za maji na mikungu mitatu ya matoke iliyotoka Bushenyi. Ulinganisho unaofuata unaanzia kwenye pikapu iliyopo nyumbani, kwa sababu katika familia nyingi gari limekwisha kununuliwa na trela ndilo linalopaswa kulifuata.

Nitaje msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma. Kwa pikapu ya kawaida ya milango minne, trela la familia linalofaa barabara zetu ni lile ambalo, likiwa limejazwa kila kitu, halizidi kilo 1,500 na lina breki zake lenyewe. Wapo wanaoweza kuvuta zaidi ya hapo, lakini ni wachache kuliko wanaodhani wanaweza.

Namba nne za kuzisoma kabla ya bei

Namba ya kwanza ni uzito wa pikapu ikiwa tupu. Ya pili ni uzito wa juu unaoruhusiwa kwa pikapu yenyewe, ukijumlisha watu, mizigo na ile sehemu ya trela inayoelemea nyuma ya gari. Ya tatu ni uzito wa juu wa pikapu na trela kwa pamoja, yaani kila kitu kinachokanyaga barabara. Ya nne ni uzito wa shingo, ambao ni mkandamizo unaowekwa na shingo ya trela juu ya mpira wa chuma ulioko nyuma ya pikapu. Uwezo wa kuvuta ambao muuzaji huutangaza ni namba ya tano, nayo haina maana mpaka hizo nne ziafikiane nayo.

Katika pikapu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, zikiwemo zile zenye usukani wa kulia zinazoletwa kutoka Uingereza, kuna kibao kidogo cha chuma au karatasi ngumu kinachobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Chini ya namba ya chesisi hupangwa mistari minne ya uzito. Mstari wa kwanza ni uzito wa juu wa gari, wa pili ni uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, wa tatu ni kikomo cha ekseli ya mbele, na wa nne ni kikomo cha ekseli ya nyuma. Ukitoa mstari wa kwanza kwenye wa pili unapata uzito wa trela ambalo gari lile linaweza kulivuta likiwa limejaa. Hesabu hii ya sekunde chache huwashangaza wengi, maana jibu mara nyingi huwa pungufu ya kilo 3,500 zilizotajwa kwenye tangazo. Kama mstari wa pili haupo kabisa, au namba yake ni sawa na ya kwanza, gari hilo halikupitishwa kuvuta trela, hata kama mwenye nalo wa zamani alilifungia chuma cha kuvutia.

Hilux, D-Max, Ranger na L200

Hilux ndiyo pikapu inayoonekana zaidi Uganda, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa jina moja limebeba magari tofauti sana. Hilux za kizazi kilichotangulia mwaka 2015, ambazo bado ni nyingi barabarani, ziliruhusiwa katika soko la Australia kuvuta kilo 2,500 au pungufu. Kizazi kilichofuata kilikuja na injini ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 150 na msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu, wa Nm 400, na ile ya lita 2.8 ambayo tangu 2020, ikiwa na gia za kujibadilisha, inatoa nguvu za farasi 204 na Nm 500. Katika kizazi hicho ndipo baadhi ya aina zilipofika kilo 3,500. Sheria ya 2018 inayozuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha umri wa miaka 15 haiziondoi zile za zamani zilizokwisha kusajiliwa, kwa hiyo anayenunua Hilux ya mkononi asidhani kwamba sifa za mpya zinaihusu yake.

Jambo linalovutia zaidi katika ulinganisho huu ni pambano la Ranger na L200, kwa sababu linapindua matarajio. Tuchukue Ranger ya milango minne yenye injini ya lita 3.2, ambayo Australia iliruhusiwa kuvuta kilo 3,500, huku uzito wake na wa trela kwa pamoja ukiwa na kikomo cha kilo 6,000. Gari tupu lina uzito wa kilo 2,200 hivi. Toa trela la kilo 3,500 kwenye 6,000, zinabaki 2,500. Toa gari lenyewe, zinabaki 300. Hizo 300 ndizo za watu na mizigo yote itakayopanda kwenye pikapu. Baba wa kilo 80, mama wa kilo 70 na watoto watatu wa kilo 40 kila mmoja tayari ni kilo 270, na kanopi ya nyuma yenye kilo 60 inavusha kikomo kabla hata mtu hajaweka begi.

L200 ya kizazi kilichoanza 2015 iliruhusiwa kuvuta kilo 3,100 tu, jambo linalowafanya wengi waipite bila kuitazama. Uzito wake wa juu ni kilo 2,900, wa pamoja na trela ni 5,885, na gari tupu lina kilo 1,950 hivi. Ikivuta trela lake kubwa kabisa la kilo 3,100 lenye uzito wa shingo wa kilo 310, bado zinabaki takriban kilo 640 za watu na mizigo. Kwa maneno mengine, pikapu yenye tangazo dogo inaipa familia nafasi zaidi ya mara mbili ya ile yenye tangazo kubwa, pale kila moja inapovuta mwisho wa uwezo wake. D-Max ya lita 3, yenye kikomo cha pamoja cha karibu kilo 6,000 na mwili ulio mwepesi kidogo kuliko wa Ranger, inakaa katikati ya hizo mbili.

Namba hizi ni za magari ya soko la Australia, ambako watengenezaji hutangaza vikomo vyote waziwazi, na gari lililoingia Uganda kutoka Thailand, Dubai au Uingereza linaweza kuwa na vikomo tofauti kidogo. Kibao cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Hata hivyo, mantiki ya hesabu haibadiliki, na ukiirudia kwa trela la kilo 1,500 picha inakuwa nyingine kabisa: Ranger ileile, yenye uzito wa juu wa kilo 3,200, ikibeba uzito wa shingo wa kilo 150, inabakiwa na kilo 850 hivi za familia na mizigo. Hapo unaweza kufunga chuma cha kinga cha mbele, winchi, friji na betri ya pili, ukapakia watoto na matoke, na bado ukawa na akiba.

Land Cruiser ya mfululizo wa 79

Kuna wanaosema kwamba suala lote linamalizwa na Land Cruiser 79, pikapu ya mashirika ya misaada na ya askari wa wanyamapori, ambayo chesisi yake na springi zake za nyuma hakuna anayezitilia shaka. Kwa upande wa kubeba uzito wako sahihi. Kwa upande wa kuvuta, inategemea injini iliyomo. Nyingi zilizoko Afrika Mashariki zina dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, ile inayojulikana kwa herufi 1HZ, yenye nguvu za farasi 130 hivi na msokoto wa Nm 285, ambao ni karibu theluthi moja pungufu ya ule wa Hilux ndogo ya lita 2.4. Itavuta, na itaendelea kuvuta miaka mingi baada ya nyingine kuchoka, lakini itavuta polepole. Yenye injini ya V8 ya lita 4.5 na turbo, yenye Nm 430, ni gari jingine kabisa, na katika ulinganisho huu ndiyo pekee ambayo ningeikabidhi karavani (trela lenye kuta ngumu kama nyumba) ya ekseli mbili bila kusita sana.

Kinachoiangusha 1HZ zaidi ni mwinuko wa nchi yenyewe. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Kampala iko mita 1,200 hivi, kwa hiyo unaanza safari ukiwa umeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabale iko karibu mita 2,000, na huko zile nguvu za farasi 130 zimebaki 105 hivi, ilhali ndiko kwenye milima. Injini yenye turbo hujisukumia hewa na hupoteza kidogo tu. Familia inayokusudia kwenda Kisoro kupitia Kanaba, au kupanda Kapchorwa kuona maporomoko ya Sipi, iweke jambo hili mbele kuliko sifa ya uimara wa chesisi.

Aina za trela, moja baada ya nyingine

Trela la kambi, lile fupi lenye ekseli moja, hema la kukunjua juu na jiko linalovutwa kutoka ubavuni, huwa na uzito wa kilo 500 hadi 900 likiwa tupu na huishia kati ya kilo 1,000 na 1,500 likijazwa. Linakaa juu vya kutosha, tairi zake mara nyingi ni za ukubwa wa zile za pikapu, na upana wake hauzidi sana ule wa gari linalolivuta, kwa hiyo njia ambayo pikapu imepita nalo linapita. Watoto hulala juu, wazazi pia hulala juu, na mvua ya Aprili ikinyesha usiku kila mtu anaisikia kwa karibu. Ndilo chaguo langu kwa familia inayotaka kufika hifadhi ya Kidepo, ambako sehemu kubwa ya kipande cha mwisho ni murram, yaani changarawe isiyo na lami, inayotikisa kila nati, na udongo mweusi wa Karamoja hugeuka matope yanayonata mara tu mvua inapogusa.

Trela kama hilo linaweza kuundwa hapahapa. Mafundi wa Katwe, Kampala, wana mkono mzuri wa chuma, na fundi atakuambia, "Mzee, chuma hiki ni cha lori," naye atakuwa anasema kweli. Shida iko hapohapo. Chuma cha lori kina uzito wa lori, na trela ambalo lingekuwa na kilo 500 tupu linatoka karakana likiwa na kilo 800. Shida ya pili ni kubwa zaidi: matrela mengi yanayoundwa kwa bei nafuu hayana breki. Karibu pikapu zote nilizozitaja haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 kwa trela lisilo na breki, hata kama zinaruhusiwa 3,500 kwa lenye breki. Trela la Katwe lenye kilo 1,200 likiwa limejaa, bila breki, limevuka kikomo hicho kwa zaidi ya nusu, na mwenye nalo atakuwa anaamini kwamba ametumia theluthi moja tu ya uwezo wa gari lake. Ukiagiza, agiza pamoja na ekseli yenye breki kiwandani na shingo yenye breki za msukumo, yaani zile zinazojibana zenyewe pikapu inapopunguza mwendo, na umwombe fundi akuandikie uzito wa trela tupu baada ya kulipima, si kwa kukadiria.

Karavani ya Uingereza yenye ekseli moja inashindana na trela la kambi kwa bei, na inalishinda mbali sana kwa starehe. Kuna vitanda vinne au zaidi, jiko, choo, na ukuta mgumu kati yako na mbu. Ikijazwa huwa kati ya kilo 1,200 na 1,600. Kwetu ina faida ambazo wengi hawazifikirii: mlango wake uko upande wa kushoto, kwa hiyo mkisimama kando ya barabara ya Masaka watoto wanashukia kwenye nyasi, umeme wake ni wa volti 230 na plagi zake ni za pini tatu kama za nyumbani. Waingereza pia wana ushauri wa zamani kwamba anayeanza asivute karavani inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu, na kwa pikapu ya kilo 2,000 hiyo ni kilo 1,700, kwa hiyo karavani hizi zinaingia ndani ya mpaka bila shida.

Udhaifu wake ni kwamba ilijengwa kwa lami. Nafasi ya mizigo iliyoachwa na kiwanda mara nyingi ni kilo 150 hivi tu, na mtungi wa gesi wa kilo 12 au 13 ukijumlisha chuma chake hufikia kilo 25 au zaidi, kwa hiyo mitungi miwili na betri moja imekula nusu ya posho yako. Shingo nyingi hazitakiwi kubeba zaidi ya kilo 100. Tumbo liko chini, na nyuma imerefuka kupita ekseli, kwa hiyo kwenye matuta ya trading senta zetu, hasa yale yaliyojengwa na wanakijiji wenyewe, mkia hugusa chini hata ukipita kwa mwendo wa konokono. Tena ni vyumba vya mbao nyembamba vilivyovishwa bati. Ukienda kuiona ya mkononi, ingia ndani, fungua makabati, ubonyeze kwa kidole gumba pembe za chini za madirisha na kona ya mbele karibu na sakafu. Ukuta mzima unarudisha kidole. Ukuta ulioingiwa na maji unabonyea kama mkate uliolowa, na hakuna rangi itakayoutibu. Mimi ningeinunua kwa ajili ya Ziwa Mburo, Jinja, Fort Portal na Murchison ambako barabara za mradi wa mafuta zimeleta lami hadi ndani ya hifadhi, na nisingeipeleka Bwindi.

Karavani za nje ya lami kutoka Afrika Kusini na Australia, zenye ekseli mbili, ndizo ndoto ya kila anayetazama video usiku. Zimejengwa kwa ajili ya vumbi na mawe, zina matangi ya maji ya lita 100 na zaidi, paneli za jua na springi nene. Zikijazwa zinafika kilo 2,800 hadi 3,500, na hapo tunarudi kwenye ile hesabu ya kilo 300 zilizobaki kwa Ranger. Hazina kasoro ya ujenzi. Tatizo ni kwamba zinadai pikapu nyingine, au familia ya watu wawili. Vilevile zinahitaji nafasi ya kugeuza, na yeyote aliyewahi kukosea njia kwenye barabara nyembamba ya Kigezi, kule Kabale na Kisoro, yenye korongo upande mmoja anajua kwamba nafasi hiyo haipatikani kila mahali.

Trela la Kimarekani lenye urefu wa futi 22 hadi 26 nalipita haraka. Limeundwa kwa ajili ya pikapu kubwa za kwao kama F-150, ambayo baadhi ya aina zake huruhusiwa kuvuta zaidi ya tani 5. Upana wake ni karibu mita 2.44, mlango uko kulia ambako magari hupita, umeme wake ni wa volti 120, na breki zake za umeme hazifanyi kazi mpaka ufunge kifaa cha kuziongoza karibu na usukani. Ukilipata kwa bei ya kutupa, lifanye nyumba ya wageni shambani.

Milima, murram na breki

Kupanda humchosha mtu kwa kelele za injini, lakini kushuka ndiko kunakopima kama trela na pikapu vinalingana. Katika mteremko mrefu, kama ule wa Kichwamba kuelekea Katunguru au ule unaoingia Kisoro, trela linaisukuma pikapu muda wote. Breki za msukumo huhisi msukumo huo na kubaki zimebana, zinapata joto, na zikipata joto sana hulegea. Dawa ni kuingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, ukashuka kwa mwendo uleule ambao lori lililojaa lingetumia, na kukanyaga breki kwa vipindi vifupi vyenye nguvu badala ya kuegesha mguu juu ya kanyagio. Kwa trela la kilo 1,300 jambo hili ni la kawaida. Kwa karavani ya kilo 3,000 nyuma ya gari la kilo 2,600, anayeongoza safari si gari tena.

Kwenye murram, hasa ile yenye mawimbi madogo yanayofuatana, mtikisiko wa masaa mengi hutafuta sehemu dhaifu: nati za magurudumu, beringi, mabano ya tangi la maji. Tairi za trela huchakaa kwa umri kabla ya kukanyaga sana, kwa kuwa trela husimama miezi likipigwa jua. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Trela linaloonekana jipya lenye tairi za tarehe za mbali lihesabiwe bei ya tairi mpya papo hapo mezani. Na ni heri nyingi kama ukubwa wa tairi na mpangilio wa matundu ya nati vinafanana na vya pikapu, ili tairi moja ya akiba ihudumie pande zote mbili. Karavani ya Uingereza haikupi nafasi hiyo. Trela la kambi lililoagizwa kwa akili linakupa.

Kulingana na pikapu uliyonayo

Mwenye Hilux ya kabla ya 2015, au pikapu yoyote ambayo kibao chake kinaonyesha uwezo wa kilo 2,500 au pungufu, achague trela la kambi lenye breki na alisimamishe kwenye kilo 1,200. Anayetaka chumba chenye ukuta anaweza kupata karavani ndogo ya Uingereza ya vitanda viwili hadi vinne yenye kilo 1,300, kwa sharti la kubaki kwenye lami na kutojaza tangi la maji mpaka afike.

Mwenye Hilux mpya, D-Max, Ranger au L200 ana uhuru wa kuchagua kati ya hizo mbili, na hapo swali linakuwa la safari zenyewe. Ikiwa likizo za watoto za Mei, Agosti na Desemba zinaishia kijijini kwa mababu na kwenye hifadhi zenye lami, karavani itatumika zaidi kwa sababu mama na watoto wataipenda, na kitu kisichopendwa huishia kuwa banda la kuku. Ikiwa moyo wako uko Kidepo na Semuliki, chukua trela la kambi, na pesa zinazobaki zitie kwenye tairi na shokamzoba za pikapu. Kati ya pikapu hizo, L200 ndiyo ninayoipendelea kwa familia ya watu watano ambayo haitavuka kilo 1,500, kwa ajili ya wepesi wake. Ranger na Hilux ya lita 2.8 zinafaa zaidi kwa anayepanda Kigezi mara kwa mara.

Mwenye 1HZ achague kwa kuangalia milima na si uzito. Gari lake litabeba kilo 2,000 nyuma yake bila chesisi kulalamika, ila kwenye kila kilima atakuwa na foleni ya mabasi na bodaboda zinazotafuta upenyo wa kumpita, na huko kupitwa kwa pupa ndiko kunakoleta ajali. Trela jembamba la kilo 1,000 linamwezesha kupanda kwa mwendo ambao hauwaudhi wengine.

Kabla ya safari ya kwanza, thibitisha kwamba daraja la kibali chako cha kuendesha linakuruhusu kuvuta trela la uzito huo, na uiulize kampuni ya bima kwa maandishi kama trela limo ndani ya bima ya gari. Kisha tafuta mizani ya magari. Maghala makubwa ya mahindi na ya kahawa huwa nayo, na wahudumu wake kwa kawaida hukubali kukupimia kwa malipo madogo wakati malori hayajafika. Nenda na familia nzima, tangi la mafuta likiwa limejaa na kila kitu mahali pake. Pima kwanza pikapu peke yake. Pima tena trela likiwa limeungwa, lakini magurudumu ya trela yakiwa nje ya mizani. Mara ya tatu panda vyote kwa pamoja.

Tuseme mizani imesoma 2,640, kisha 2,760, kisha 3,980. Ya tatu kutoa ya kwanza inakupa trela la kilo 1,340. Ya pili kutoa ya kwanza inakupa uzito wa shingo wa kilo 120, ambao ni asilimia 9 ya trela, na hapo pako sawa ikiwa shingo na chuma cha kuvutia vyote vinaruhusu kiasi hicho. Kwa karavani ya Uingereza yenye kikomo cha kilo 100, zaidi kidogo ya kilo 20 zihamishwe kutoka sanduku la mbele hadi juu ya ekseli. Ukipata chini ya asilimia 5, kuna kitu kizito kimewekwa mkiani, mara nyingi ni baiskeli za watoto au tangi la maji, na trela hilo litaanza kuyumba kushoto na kulia mara mwendo unapokaribia kilomita 80 kwa saa au lori linapokupita kwa kasi. Likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, na uache mwendo ushuke wenyewe. Baada ya hapo egesha mahali salama, sogeza mizigo mbele ya ekseli, na urudi kwenye mizani ya karibu kabla ya kuendelea na safari.